FUNGUA NYUMBA YA WAZEE KWA UANGALIFU

Katika vijiji vingi vya nchi yetu kuna nyumba iliyofungwa. Huenda moja iko kijijini kwako. Kufuli lina kutu. Nyasi zimeota mpaka mlangoni. Bati limeinuka upande mmoja, na mvua inaingia ndani. Mzee aliyeijenga nyumba hiyo amefariki. Mkewe naye amefariki. Watoto wako Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya. Kila mmoja anasema, "Nitakuja mwakani." Mwaka unapita, na mwingine unapita.

Ndani ya nyumba vitu viko kama vilivyoachwa. Kitanda cha kamba kipo. Sanduku la bati liko chini ya kitanda. Koti la baba limetundikwa kwenye msumari. Taa ya chemli iko juu ya meza. Kinu cha mama kiko jikoni, na mchi umeegemezwa ukutani.

Siku moja wewe au ndugu zako mtaufungua mlango huo. Je, mtaanzia wapi? Mtachukua nini? Mtamwita nani? Watu wengi hufungua nyumba ya wazee kwa haraka, na haraka hiyo huwaletea hasara. Wengine huumwa na nyoka. Wengine huchoma karatasi zenye haki zao. Wengine hugombana na ndugu zao wa tumbo moja. Soma makala hii polepole. Ukimaliza, msomee na jirani yako.

MAHAME

Wazee wetu wana neno zuri. Mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama, huitwa mahame. Mahame yana alama zake. Utaona miembe mikubwa iliyopandwa kwa mstari. Utaona uzio wa minyaa au mikonge. Utaona vigae vya vyungu na mawe matatu ya mafiga. Mara nyingi utaona na makaburi.

Mahame mengi katika nchi yetu yalitokea wakati wa Operesheni Vijiji. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri. Kazi hiyo ilitakiwa kumalizika mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihama. Wengine walibeba milango na mabati yao. Wengine waliacha nyumba na vitu vingi nyuma yao.

Siku hizi mahame hutokea kwa sababu nyingine. Vijana huenda mjini kutafuta kazi. Wazee hubaki peke yao. Wazee wakifariki, nyumba hufungwa. Basi nyumba ikikaa bila moto wa jikoni, haichukui muda kuharibika. Mchwa hupanda ukutani. Popo huingia darini. Mvua hulainisha udongo wa kuta.

USIINGIE PEKE YAKO

Jambo la kwanza ni hili: usiingie peke yako. Ziko sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni usalama. Ukianguka au ukiumwa na nyoka, nani atakusaidia?

Sababu ya pili ni amani ya familia. Ukiingia peke yako, kesho ndugu zako watauliza, "Fedha za baba ziko wapi? Nani alichukua cherehani ya mama?" Hata kama hukuchukua kitu, hutakuwa na shahidi.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mlango, fanyeni haya:

1. Waarifu ndugu wote, wa kiume na wa kike. Asiyeweza kuja amtume mtu wake.
2. Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au balozi. Mwombeni awepo.
3. Mwiteni mzee mmoja au mama mmoja aliyeifahamu nyumba hiyo. Yeye anajua kisima kilikuwa wapi. Anajua na mpaka wa shamba.
4. Chukueni daftari na kalamu. Chagueni mtu mmoja wa kuandika kila kitu kinachoonekana.

HATARI ZILIZOMO NDANI

Kabla ya kuingia, izunguke nyumba kwa nje. Angalia kuta. Ukuta wenye ufa mpana au uliolalia upande mmoja unaweza kuanguka. Angalia paa. Gonga nguzo na boriti kwa fimbo. Zikitoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani, mchwa wamezila. Usipite chini yake.

Angalia mahali unapokanyaga. Shimo la choo cha zamani hufunikwa kwa miti na udongo. Miti ikioza, udongo hubaki juu kama kawaida, lakini hauna kitu chini. Mtu akikanyaga, anadidimia. Kisima cha zamani nacho ni hivyo hivyo. Watoto wasiachwe kucheza hapo.

Fungua mlango na madirisha, kisha ngoja. Hewa iingie na mwanga uingie. Vaa viatu vinavyofunika mguu wote. Chukua tochi na fimbo ndefu. Usitie mkono mahali ambapo macho yako hayaoni. Kwanza gusa kwa fimbo.

Nyoka hupenda nyumba iliyoachwa, kwa sababu panya wako humo. Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje kwa wembe. Msinyonye sumu kwa mdomo. Msifunge kamba kwa kukaza. Mlazeni atulie. Mvueni pete na bangili. Kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Kisha mpelekeni kituo cha afya au hospitali bila kuchelewa.

Yuko na adui mdogo anayeitwa papasi. Papasi ni wa jamii ya kupe. Hukaa katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta. Mchana hujificha. Usiku hutoka na kunyonya damu ya mtu aliyelala. Papasi anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula, akimngoja mtu. Huambukiza homa ya papasi. Homa hiyo hupanda, hupoa, kisha hurudi tena. Ni ya hatari zaidi kwa mama mjamzito. Kwa hiyo usilale sakafuni katika nyumba ya zamani. Ukipata homa baada ya kulala humo, mwambie mganga wa zahanati ulilala wapi. Ugonjwa huu una dawa, lakini mara nyingi watu hudhani ni malaria tu.

Ukikuta panya wengi wamekufa, usiwashike. Viroboto vya panya huweza kuleta tauni. Watu wa Wilaya ya Lushoto wanaujua ugonjwa huo, kwani uliwasumbua kwa miaka mingi tangu 1980. Mwarifu mhudumu wa afya.

Kinyesi cha popo na cha panya kisifagiliwe kikiwa kikavu. Vumbi lake linaingia kifuani na kuleta ugonjwa. Funga kitambaa puani na mdomoni. Nyunyizia maji kwanza, ndipo ufagie.

Mwisho, jihadhari na dawa za zamani. Wakulima wengi wa pamba na kahawa walitunza dawa za wadudu ndani ya nyumba. Baadhi ya dawa hizo, kama DDT, haziruhusiwi tena katika kilimo. Chupa isiyo na karatasi ya jina usiinuse wala kuionja. Usiimwage mtoni. Kopo lake usilifanye la kuchotea maji. Mwite bwana shamba. Vidonge vya zamani navyo visinywewe na mtu yeyote.

VITU AMBAVYO HUTAKIWI KUBAKI NAVYO

Katika nyumba nyingine hukutwa gobore la babu. Katika nyingine hukutwa risasi, ngozi ya chui au kipande cha pembe ya ndovu. Labda wewe hujui vitu hivyo vilitoka wapi. Lakini sheria haikuruhusu kubaki navyo bila kibali. Silaha inahusu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ngozi na pembe zinahusu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009.

Usivifiche, na usivibebe njiani wewe mwenyewe. Viacheni mahali pake. Mwiteni mtendaji wa kijiji mbele ya mashahidi, naye awaite polisi au maofisa wa wanyamapori. Anayetoa taarifa mapema anajilinda.

SANDUKU LA BATI

Sasa mmefika kwenye sanduku la bati. Watu wengi hutafuta fedha humo. Wakikosa fedha, hutupa karatasi. Hilo ni kosa kubwa.

Kwanza tuzungumze juu ya fedha. Wazee wengi walificha noti ndani ya godoro au chini ya sanduku. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda wa kubadilisha noti za zamani, kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili 2025. Noti hizo zilikuwa za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 mpaka 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda huo umepita, na noti hizo si fedha halali tena. Jasho la mzee limebaki karatasi. Hili ni somo kwetu tulio hai: fedha ziwekwe benki, na nyumba iliyofungwa isingoje miaka.

Mkikuta kitabu cha akiba cha Posta, msikitupe. Benki ya Posta ndiyo tangu 2021 inaitwa Benki ya Biashara Tanzania, yaani TCB. Msimamizi wa mirathi akiulize huko.

Senti za zamani zenye tundu katikati ni za enzi za Waingereza. Hazinunui kitu dukani, lakini watoto wazione. Shilingi yetu wenyewe ilianza mwaka 1966.

Karatasi hizi zitunzwe:

Kwanza, karatasi za ardhi. Hizi ni hati, barua ya kugawiwa shamba, mkataba wa kununua, au hata kipande cha daftari chenye majina ya mashahidi.

Pili, vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo, vya ndoa na vya shule, pamoja na kadi za kliniki. Wako watu wazima wasio na cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo huweza kuwasaidia wanapoomba cheti hicho RITA.

Tatu, kadi na risiti. Kadi ya TANU, risiti ya kodi na risiti ya chama cha ushirika zinaonyesha mzee alikuwa wapi na mwaka gani.

Nne, barua na picha. Picha ikiwa imelowa, ianikeni kivulini, si juani. Nyuma ya picha andikeni majina kwa penseli, taratibu. Mwulizeni yule mzee mliyemwita, "Huyu ni nani?" Msipouliza leo, kesho hatakuwepo mtu wa kujibu.

Katika nyumba nyingine utakuta vitabu vya kisomo vya miaka ya 1970. Ndani yake kuna mwandiko wa mama, herufi kubwa zilizopinda. Huenda aliandika jina lake mara ishirini. Usikichome kitabu hicho. Mwonyeshe mjukuu wake.

MFANO WA NDUGU WANNE

Tuchukue mfano. Tuseme ndugu wanne wamefungua nyumba ya baba yao. Watatu ni wanaume, nao wanaishi mjini. Wa nne ni binti. Yeye aliolewa kijiji cha jirani, na ndiye aliyemwuguza mama mpaka siku ya mwisho.

Wanafungua sanduku. Humo wanakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa kwa mkono, na ni ya mwaka 1983. Inasema kwamba shamba la bondeni, lenye ekari mbili, baba yao aliliazima kwa jirani, nalo litarudishwa jirani akilihitaji. Kuna majina ya mashahidi wawili. Jirani huyo naye amefariki. Watoto wake hawajui habari hiyo.

Kaka mkubwa anasema, "Shamba hili tumelilima miaka yote. Karatasi hii imeonwa na sisi tu. Kiberiti kiko wapi?" Wa pili anainama kimya. Wa tatu anasema waamue baada ya kula.

Dada yao anajibu, "Kaka, baba alijua kusoma. Angetaka kuichoma, angeichoma yeye. Aliitunza kwa sababu alitaka tuione."

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Karatasi hiyo ina hasara kwao, hilo ni kweli. Lakini karatasi ikifichwa, neno halifichiki. Shahidi mmoja huenda yuko hai. Siku moja atasema, na hapo ndugu watakuwa wamepoteza shamba na heshima ya baba yao pia. Njia nzuri ni kuipeleka karatasi kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Familia mbili zinaweza kukubaliana pale: labda shamba lirudishwe, labda lilimwe kwa zamu, labda linunuliwe kwa haki. Na makubaliano yaandikwe.

NANI MWENYE MALI?

Kuingia ndani ya nyumba si kuirithi. Mali ya marehemu husimamiwa na msimamizi wa mirathi. Familia hukutana na kumpendekeza mtu mmoja anayeaminika. Mkutano huo huandikwa, na waliohudhuria hutia sahihi. Kisha maombi hupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Kwa watu wengi wa vijijini, yaani wanaofuata sheria za mila au za Kiislamu, mahali pa kuanzia ni Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikimthibitisha, msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, na hugawa kinachobaki. Mwishoni hutoa hesabu mahakamani. Msimamizi si mwenye mali. Ni mtumishi wa warithi.

Wako watu wanaosema, "Mwanamke hana ardhi kwao." Maneno hayo yameshapitwa na wakati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi haina nguvu.

Vitu vidogo vya nyumbani navyo vina uzito wake. Kinu, mkeka, kigoda au kanga ya mama si mali ya bei kubwa, lakini ndivyo vinavyoleta machozi na ugomvi. Viandikeni vyote daftarini. Kila ndugu achague kitu kimoja kwa zamu, akianza yule aliyewauguza wazee. Vinavyobaki wapeni majirani waliowazika.

ARDHI ISIACHWE

Sasa sikiliza jambo zito. Sheria hiyo hiyo ya 1999 inaeleza habari ya ardhi iliyotelekezwa. Ardhi ya kijiji isipokaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano, huweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Halmashauri ya Kijiji hutoa kwanza tangazo, ili mwenye sababu aje aieleze. Lakini kama wote mko mjini, nani atalisoma tangazo hilo?

Kwa hiyo msiache nyumba na shamba bila mtu. Mwekeni ndugu au jirani wa kuangalia na kulima. Mwandikieni karatasi inayoonyesha kuwa ni mwangalizi, si mwenye mali. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji. Ombeni pia hati ya hakimiliki ya kimila.

Na yale mahame ya wakati wa Operesheni Vijiji? Wengine wanataka kurudi na kuwafukuza wanaoishi pale leo. Sheria imelisema jambo hili wazi. Ardhi iliyogawiwa kwa watu katika vijiji, kuanzia tarehe 1 Januari 1970 mpaka tarehe 31 Desemba 1977, imethibitishwa kuwa ni yao, na haki za zamani juu ya ardhi hiyo zimekoma. Nenda ukasafishe kaburi la babu yako, ukizungumza vizuri na wanaoishi pale. Waonyeshe watoto mwembe alioupanda. Lakini usianzishe vita.

Ndugu msomaji, kama nyumba ya wazee wako imefungwa, andika barua au piga simu kwa ndugu zako wiki hii. Pangeni tarehe. Mvua za masika hazimngoji mtu, wala mchwa hawamngoji. Na kama wewe ndiye mzee mwenyewe, fungua sanduku lako ungali na nguvu. Waonyeshe wanao, wa kiume na wa kike, kila karatasi na maana yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini si vizuri kuingia peke yako katika nyumba iliyofungwa?
2. Papasi hukaa wapi, na huleta ugonjwa gani?
3. Taja karatasi tatu ambazo hazifai kutupwa.
4. Ardhi ya kijiji ikiachwa miaka mitano bila kutumiwa, jambo gani laweza kutokea?
5. Kama ungekuwa mmoja wa wale ndugu wanne, ungesema nini juu ya karatasi ya shamba la bondeni? Toa sababu.